Grafini ya kupitisha joto: uchague yenye kasoro zipi?

Fundi mmoja wa inveta za sola, mwenye karakana yake Kamalondo hapa Lubumbashi, aliniwekea mezani kichupa cha unga mweusi pamoja na karatasi ya maelezo iliyokuja nacho. "Papa," akauliza, "hapa wameandika kwamba grafini inapitisha joto mara kumi kuliko shaba. Nikiupaka huu unga chini ya transista, si ninaweza kuliuza hili bamba la shaba?" Nilimwambia asiliuze. Namba aliyoisoma haikuwa ya uongo, ila ilipimwa juu ya kitu kingine kabisa. Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, lakini jina hilo limebeba vitu vingi visivyofanana, na kinachovitenga katika kupitisha joto ni kasoro zilizomo ndani ya kimia cha atomu zake: ni za aina gani, ni nyingi kiasi gani, na ziko umbali gani moja kutoka nyingine. Anayenunua grafini kwa ajili ya joto ananunua na kasoro zake, hata kama muuzaji hakulitaja neno hilo.

Namba kubwa ilipimwa juu ya nini

Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walifanikiwa mwaka 2004 kutenga tabaka moja la grafini kwa kulibandua kutoka kwenye grafiti, kaboni ile ya penseli, kwa utepe wa gundi, na kazi zao juu ya kitu hicho ziliwapatia Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Mwaka 2008 kundi la Alexander Balandin wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, lilitandika kipande cha namna hiyo juu ya mfereji mwembamba hata kikaning'inia bila kugusa kitu katikati, likakipasha kwa leza, na likasoma halijoto yake kutokana na mwanga uliotawanywa. Majibu yalikuwa karibu wati 5,000 kwa mita kwa kelvini, yaani 5,000 W/mK. Shaba safi hupitisha karibu 400, na almasi nzuri hufika 2,000 na kupita kidogo. Vipimo vilivyofuata vimetawanyika, vingi vikiwa kati ya 2,000 na 4,000, lakini hata cha chini humo kinaipita shaba kwa mbali.

Sasa tazama masharti ya kipimo kile: kipande kimebanduliwa kutoka kwenye fuwele nzuri, kimening'inia, na hakijabebeshwa kitu. Ondoa sharti moja tu, ukilaze juu ya oksaidi ya silikoni kama kinavyolazwa ndani ya vifaa vya elektroniki, na kitabaki na 600 hivi, kama vipimo vya mwaka 2010 vilivyoonyesha. Hakuna atomu iliyong'oka. Kilichotokea ni kwamba mitikisiko ya kupanda na kushuka, ambayo grafini huitegemea sana kusafirisha joto, imekandamizwa na sakafu iliyo chini yake.

Hapo ndipo shaba na grafini zinapoachana njia. Ndani ya shaba joto hubebwa na elektroni. Ndani ya grafini joto hubebwa hasa na mitikisiko ya kimia chenyewe, ambayo wanafizikia huiita fononi, na katika grafini safi fononi husafiri kwa wastani wa nanomita 800 hivi kabla ya kutawanywa. Ukikumbuka kwamba atomu mbili jirani zimeachana kwa nanomita 0.142 tu, utaona kwamba huo ni mwendo wa kupita maelfu ya atomu bila kizuizi. Kasoro yoyote inayokaa ndani ya umbali huo inakata safari, na jinsi kimia kinavyokuwa bora zaidi, ndivyo kasoro moja inavyogharimu zaidi.

Waya wa kuku

Umbo la grafini tunalo uani kwetu: ni ule waya wa matundu ya pembe sita unaozungushiwa mabanda ya kuku. Nilikaza kipande cha kama mita moja kati ya misumari, nikakigonga kwa kidole upande mmoja na kuweka kiganja upande wa pili, na mtikisiko ulinifikia vizuri. Nikafunga kokoto dogo kwenye fundo moja katikati. Ulinifikia bado, ukiwa umepotoka kidogo. Kisha nikakata fundo moja kwa koleo. Ncha za waya zilibaki zikitetemeka peke yake, matundu ya jirani yakalegea na kujikunja, na kiganja changu kilipokea kitu kingine kabisa. Sitaki mfano huu ubebe zaidi ya uwezo wake, kwa sababu waya hauna mitikisiko ya masafa mafupi ambayo ndiyo hubeba joto. Lakini tofauti kati ya kokoto na koleo ni ya kweli, na inaweza kuhesabiwa.

Kokoto ni isotopu, yaani atomu ya kaboni ileile ila yenye uzito tofauti. Kaboni ya kawaida ina asilimia 1.1 ya kaboni-13, ambayo ni nzito kuliko jirani zake kwa sehemu moja ya 12, na ambayo imefungwa kwa vifungo vilevile. Nguvu ya kutawanya fononi hufuata mraba wa tofauti ya uzito, na mraba wa sehemu moja ya 12 ni 0.007 hivi. Koleo ni pengo, yaani mahali atomu ilipotoweka. Katika nadharia iliyojengwa na mwanafizikia Klemens, pengo huhesabiwa pamoja na vifungo vilivyokatika, na tofauti yake hufikia kama mara tatu ya uzito wa atomu yenyewe. Mraba wake ni 9. Kwa hiyo pengo moja linatawanya kama isotopu 1,300.

Vipimo vya maabara vinakubaliana na picha hiyo. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba grafini iliyosafishwa hata kaboni-13 ikabaki asilimia 0.01 ilipita 4,000 W/mK karibu na nyuzi 47 za Selsiasi, wakati ile iliyochanganywa nusu kwa nusu haikufika nusu ya namba hiyo. Maana yake, hata ukijaza nusu nzima ya kimia kwa kokoto, unapoteza kidogo zaidi ya nusu ya uwezo. Linganisha na jaribio la mwaka 2016, ambapo grafini iliyoning'inia ilipigwa na miale ya elektroni kwa makusudi ili ipate kasoro. Kasoro zilipopanda kutoka bilioni 20 hadi bilioni 180 kwa sentimita ya mraba, upitishaji ulianguka kutoka 1,800 hadi 400 W/mK. Namba hizo za kasoro zinasikika kubwa hadi utakapokumbuka kwamba sentimita moja ya mraba ya grafini ina atomu kama trilioni 3,800. Bilioni 180 ni kasoro moja kwa kila atomu 21,000 hivi. Ni kama nyumba moja ibomoke katika mtaa wenye nyumba elfu ishirini na moja, na shughuli za mtaa mzima zishuke hadi chini ya robo.

Siri iko kwenye umbali. Kwa bilioni 20, kasoro zimeachana kwa wastani wa nanomita 70; kwa bilioni 180, nanomita 24. Zote ni fupi mno kuliko 800 za safari huru ya fononi. Jaribio hilohilo lilionyesha pia kwamba baada ya hapo kuongeza kasoro kunashusha upitishaji kwa kasi ndogo zaidi. Kwa mnunuzi hilo lina maana kubwa: kati ya grafini safi sana na grafini yenye kasoro chache kuna shimo refu, lakini kati ya mbovu na mbovu zaidi tofauti ni ndogo, na haifai kuilipia.

Kasoro nyingine kwa ufupi

Iko kasoro isiyopoteza atomu hata moja. Kifungo kimoja kinageuka kwa nyuzi 90, na pembe sita nne zilizokizunguka zinakuwa pembe tano mbili na pembe saba mbili; huitwa kasoro ya Stone na Wales. Uigaji wa kompyuta unaonyesha kwamba kwa idadi ileile huharibu upitishaji joto kidogo kuliko mapengo, jambo linaloeleweka, kwa kuwa kila atomu bado ina jirani zake watatu. Kuitengeneza kunahitaji nishati ya elektronivolti 5 hivi, na pengo huhitaji zaidi ya 7, wakati joto la siku ya kawaida hutoa sehemu ndogo sana ya hiyo, kama 0.026. Kwa lugha nyepesi, kasoro hizi huzaliwa kiwandani. Hazitazaliwa ndani ya inveta yako hata jua la mwezi wa kumi liwe kali namna gani.

Vikundi vya oksijeni ni jambo zito zaidi. Oksijeni ikishika kaboni, huivuta nje ya uso wa kimia na kubadilisha vifungo vyake, na mara nyingi haiji moja moja bali kwa asilimia kadhaa za atomu zote. Mipaka ya punje nayo, yaani mishono ambapo fuwele mbili zilizokua kwa pembe tofauti zimekutana, hupimwa kwa ukubwa wa punje: punje za mikromita 10 hazimsumbui sana fononi wa nanomita 800, lakini punje za mikromita 0.2 humkata njiani kila wakati. Mikunjo huharibu pia, ila si kwa kiwango cha mapengo.

Walio mbele yako ni watatu

Wa kwanza ni grafini iliyokuzwa juu ya shaba. Hapa Mkatanga, mtu wa eneo letu hili la Lubumbashi, anaweza kutabasamu, maana watu wa nchi hii waliitwa walaji wa shaba kabla fizikia hii haijafikiriwa. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 2009 na kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin: gesi ya methani hupitishwa juu ya karatasi ya shaba ya mikromita 25 kwenye halijoto ya nyuzi 1,000 hivi, kaboni inaachwa juu ya uso, na kwa kuwa kaboni karibu haiyeyuki ndani ya shaba, ukuaji husimama wenyewe tabaka moja likishajaa. Kasoro zake kuu ni mipaka ya punje, na mikunjo inayotokea wakati wa kupoa, kwa sababu shaba hunywea na grafini haifuati. Ila madhara mengi hutokea baadaye, wakati wa kuihamisha: hupakwa plastiki, shaba ikayeyushwa kwa dawa, na tabaka likalazwa mahali pengine likiwa na mabaki ya plastiki na michaniko yake. Kuitibu kwa moto mkali ikiwa bado juu ya shaba hakuwezekani, kwa kuwa shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085.

Wa pili ni oksaidi ya grafini iliyoondolewa oksijeni. Hutoka kwenye grafiti iliyochomwa kwa asidi na vioksidishaji, ikatawanyika majini, ikamwagwa kuwa karatasi, kisha ikapashwa moto. Ni rahisi na hutengenezwa kwa kilo, lakini oksijeni inapotoka huondoka na kaboni, na nyuma huacha mapengo. Kipimo kimoja cha mwaka 2015 juu ya karatasi za aina hii kinanipendeza kwa sababu kinasema mambo mawili kwa mara moja: kupashwa hadi nyuzi 1,000 kulipandisha upitishaji wa kwenda ubavuni kutoka 3 hadi 61 W/mK, na kulishusha ule wa kupenya unene hadi 0.09, kwa kuwa gesi ilipotoka ilifungua viputo kati ya matabaka. Sitini na moja bado ni chini ya alumini. Moto wa karibu nyuzi 2,800 ndio hubadilisha hadithi. Hapo atomu hujipanga upya, mapengo hujazika, na karatasi hupita 1,000 W/mK. Basi mtu akikuambia anauza grafini ya aina hii, swali la maana ni moto wake ulifika nyuzi ngapi.

Wa tatu ni unga wa vibamba, uliopatikana kwa kubandua grafiti ndani ya kimiminika kwa mawimbi ya sauti au kwa kukoroga kwa nguvu. Ndio uliokuwa kwenye kichupa cha rafiki yangu. Uso wa kila kibamba unaweza kuwa mzuri, kwa kuwa hakuna asidi iliyoula. Kasoro zimerundikana kingoni, na kingo ni nyingi kwa sababu vibamba ni vidogo. Kati ya hawa watatu, kwa uso wa kibamba kimoja, unga huu humshinda wa pili kwa urahisi.

Unene, ambao karatasi ya maelezo haiutaji

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Upitishaji kwa mita ni sifa ya kitu, lakini joto linalopita hutegemea pia unene. Tabaka moja la grafini lina unene wa nanomita 0.335. Lipe 3,000 W/mK na ulizidishe kwa unene huo, halafu zidisha 400 za shaba kwa mikromita 25 za karatasi ileile iliyoikuza: shaba inaishinda grafini yake mara elfu kumi. Ndiyo maana tabaka moja, hata likiwa halina pengo hata moja, haliwezi kubeba joto la transista kubwa. Mahali pake ni kwenye vitu vidogo kama lenyewe.

Unga nao una tatizo jingine. Ukichanganywa na epoksi, ambayo peke yake ina kama 0.2 W/mK, joto hulazimika kuruka kutoka kibamba hadi plastiki na kutoka plastiki hadi kibamba kingine, na kila mruko una ukinzani wake. Mchanganyiko mzuri hufika wati chache kwa mita kwa kelvini, hata kama kila kibamba ndani yake kina upitishaji wa maelfu. Kwa hiyo kuusaka unga usio na kasoro hata kidogo kwa ajili ya gundi ni kutupa pesa. Afadhali vibamba vipana, vyenye uso mzuri na kingo zilizoshikwa na vikundi vichache vya oksijeni, kwa sababu vikundi hivyo husaidia plastiki kushikamana na kibamba. Ni mahali pamoja ambapo ningeomba kasoro kwa hiari, mradi ikae kingoni.

Ninavyochagua mimi

Kwa inveta, chaja na vitu vyote vya joto jingi na nafasi ya kutosha, ninachagua shaba au alumini nene, pamoja na grisi nyembamba ya kupitisha joto. Grafini ya unga ndani ya grisi hiyo inaweza kusaidia, lakini inapitisha umeme pia, na chini ya transista ambayo mgongo wake una volti, upakaji wa kizembe unaweza kuunguza kila kitu. Kipande cha mika, kinachozuia umeme kati ya transista na bamba, hakiondolewi. Hapa petu, mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na huchukua joto kidogo, hivyo hatua inayobana mara nyingi ni ya mwisho, kutoka kwenye mapezi ya alumini kwenda hewani, na hakuna grafini itakayoirekebisha.

Kwa kifaa chembamba chenye sehemu moja ya moto, kama simu au betri, ninachagua karatasi ya oksaidi iliyopitishwa moto mkali, au karatasi ya grafiti ya kawaida, ambayo inashindana nayo kwa karibu sana na mara nyingi hupatikana kirahisi zaidi. Kwa utafiti wa vihisi na vipande vidogo vya elektroniki, ile iliyokuzwa juu ya shaba. Ila kama itakwenda kulala juu ya glasi au oksaidi ya silikoni, usilipie usafi wa isotopu. Sakafu itakula faida hiyo kabla hujaiona. Halijoto nayo hupunguza tofauti: grafini safi hupoteza uwezo kadiri inavyopata moto, kwa kuwa fononi hugongana zenyewe kwa zenyewe, wakati mbovu hubadilika kidogo, maana kilichoibana ni kasoro ambazo hazijali moto. Tofauti kati ya ghali na rahisi ni ndogo kwenye sanduku la bati juu ya paa kuliko kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Anayetaka kugeuza joto kuwa umeme yuko upande wa pili kabisa: anataka joto likwame na umeme upite. Kwake isotopu ni kasoro bora kuliko pengo, kwa kuwa kokoto humkwaza fononi na elektroni hailitambui, wakati pengo huwakwaza wote wawili.

Kabla ya kulipa, omba grafu ya Raman, yaani ile inayochorwa kutokana na mwanga wa leza uliotawanywa na grafini. Kwenye mstari wake wa chini, unaohesabiwa kwa cm⁻¹, ina kilele cha D karibu na 1,350, cha G karibu na 1,580, na kidogo kiitwacho D′ (D yenye alama) karibu na 1,620. D ikiwa fupi sana mbele ya G, kasoro ni chache. Aina yake husomwa kwa kugawanya urefu wa D kwa ule wa kilele kidogo cha jirani: karibu 13 ni vifungo vilivyovutwa nje ya uso, kama oksijeni inavyofanya, karibu 7 ni mapengo, karibu 3.5 ni mipaka na kingo. Isotopu hazisomwi kwa ulinganisho huo, na kwa kazi nyingi si hoja. Fundi wangu aliandika kuomba grafu hiyo, na walipomtumia, D ilikuwa ndefu karibu sawa na G. Unga ule sasa anauchanganya na gundi ya kuzibia masanduku, na bamba la shaba amelisugua na kulirudisha chini ya transista.